Jahazi Lenye Milingoti Miwili: Ya Kutazama Guangzhou

Wenyeji wa kale wa Guangzhou waliufananisha mji wao na jahazi. Jumba la Zhenhai, lililo juu ya kilima cha Yuexiu upande wa kaskazini, waliliita tezi. Katikati ya mji ilisimama minara miwili iliyopita mapaa yote, mmoja wa msikiti na mmoja wa hekalu la Kibudha, nayo ndiyo ilikuwa milingoti. Kusini ulipita Mto Zhujiang, maana yake Mto wa Lulu, uliokuwa njia ya mali yote iliyoingia na kutoka. Leo maghorofa ya vioo yamevimeza vyote hivyo, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 18 katika mji huo. Lakini tezi ipo, milingoti ipo, na mfano ule wa jahazi bado ni ramani nzuri kwa mgeni.

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh au Kikuubo, Guangzhou ni mji wa mzigo. Hushuka uwanja wa ndege wa Baiyun, hulala Xiaobei, huzunguka masoko ya Sanyuanli, Shisanhang na Yide, humkabidhi wakala mzigo wake, kisha hurudi. Wengi wamekwenda mara kumi kwa mtindo huo, na wanazijua bei za mabegi na taa kuliko wanavyoujua mji. Hilo ni la kusikitisha, kwa kuwa karibu kila soko wanaloingia limepakana na jengo au kaburi lenye habari inayowahusu. Guangzhou imekuwa bandari kwa zaidi ya miaka 2,000, na mengi ya kutazama humo ni kumbukumbu za watu waliokuja kununua na kuuza, baadhi yao wakipitia bahari hii hii inayopiga Lamu, Unguja na Kilwa.

Ziara inaweza kuanzia Xiaobei penyewe. Huu ni mtaa wa majengo marefu kando ya barabara ya Huanshi, na Waafrika walianza kukusanyika hapa mwishoni mwa miaka ya 1990, hasa katika jengo la Tianxiu lenye maduka chini na nyumba za kuishi juu. Idadi yao ilipungua sana baada ya 2020, ila migahawa ya halali na mawakala wa kusafirisha mizigo bado wapo. Nyuma ya mtaa huo, umbali wa kutembea tu kwa miguu, ndipo kinapoanza kilima cha Yuexiu, ambacho sasa ni bustani ya umma yenye maziwa na miti mikubwa.

Ndani ya bustani kuna sanamu ambayo ndiyo nembo ya mji: mbuzi watano wa mawe, mmoja mkubwa akiwa amesimama juu na shuke la nafaka mdomoni, wengine wakimzunguka miguuni. Ilichongwa mwaka 1960 kwa vipande vya matale zaidi ya mia, na kimo chake ni mita 11. Ngano yasema kwamba zamani za njaa walishuka malaika watano wamepanda mbuzi, kila mbuzi akileta shuke la mpunga. Malaika wakarudi mbinguni na mbuzi wakageuka mawe. Kwa ajili hiyo Guangzhou huitwa Yangcheng. Vitabu vingi hutafsiri jina hilo kuwa Mji wa Kondoo, maana Wachina wana neno moja, yang, kwa kondoo na mbuzi. Mswahili akiwatazama wale wa Yuexiu, ndevu na pembe zile, hatasita: ni mbuzi.

Jumba la Zhenhai liko juu zaidi. Lilijengwa mwaka 1380, mwanzoni mwa utawala wa ukoo wa Ming, na jina lake maana yake ni kutuliza bahari, kwa kuwa hatari ya wakati ule ilikuwa maharamia wa pwani. Lina orofa tano na rangi nyekundu iliyoiva, na ndani yake kuna makumbusho ya mji. Kando yake kumebaki kipande cha ukuta wa kale wa mji, kimeshikwa na mizizi ya miti hivi kwamba ni vigumu kujua ni mti unaobeba ukuta au ukuta unaobeba mti.

Upande wa magharibi wa kilima hicho, ng'ambo ya barabara ya Jiefang, kuna mahali ambapo msafiri kutoka Afrika Mashariki hapaswi kupakosa hata kama ana nusu siku tu. Mwaka 1983 mafundi waliokuwa wakisawazisha kilima kidogo cha Xianggang ili wajenge nyumba walikutana na mabamba makubwa ya mawe. Chini yake lilikuwa kaburi la mfalme ambalo halijaguswa na wezi. Aliyezikwa ni Zhao Mo, mfalme wa pili wa dola ya Nanyue, aliyefariki mwaka 122 kabla ya Kristo. Mwili wake ulivikwa vazi zima la vipande vya jade, zaidi ya 2,000, vilivyounganishwa kwa nyuzi za hariri. Kando yake walizikwa watu 15 waliouawa ili wamfuate: masuria, watumishi, mpishi, mlinzi wa lango. Mambo hayo yanatisha, na makumbusho hayayafichi.

Lakini katika vyumba vya pembeni kuna vitu vinavyoshangaza kwa namna nyingine. Kuna kikasha cha fedha kilichofuliwa kwa mtindo wa Kiajemi. Kuna ubani. Na kuna pembe tano za ndovu zilizokutwa zimerundikwa pamoja, zimechakaa na kupasuka kwa kukaa ardhini, ambazo wataalamu waliozipima walizitambua kuwa za tembo wa Afrika, si wa Asia. Zilipita mikono mingapi hadi kufika pale hakuna awezaye kusema. Huenda ziliuzwa na kuuzwa tena katika bandari nyingi za Uarabuni na Uhindi. Hata hivyo, zinaonyesha kwamba mali ya Afrika ilikuwa imekwisha kufika katika ghala la mfalme wa Guangzhou kabla ya kuzaliwa kwa Kristo, karne nyingi kabla Kilwa haijajengwa.

Si mbali na makumbusho hayo, katika barabara ile ile ya Jiefang, kuna msikiti wa Xianxian, na ndani ya uwanja wake kuna kaburi linalotajwa kuwa la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Waislamu wa China wanashikilia kwamba yeye ndiye aliyeleta Uislamu nchini mwao. Vitabu vya historia ya Kiislamu vinasema Saad alifia karibu na Madina na kuzikwa huko, kwa hiyo wanazuoni wengi huliona kaburi hili kuwa la Mwislamu mwingine wa mwanzo, au la kumbukumbu tu. Heshima yake haijapungua kwa hilo. Kaburi limo ndani ya kuba la matofali lenye kuta nene, chumba kidogo kiasi kwamba watu wachache tu hukijaza, na mtu akisoma Fatiha kwa sauti ya chini kuba humrudishia sauti hiyo ikiwa nzito, kana kwamba kuna mwingine anayeitikia. Ndiyo sababu wenyeji waliliita kaburi la mwangwi. Nje, chini ya miti, kuna makaburi mengine ya Waislamu wa zamani.

Siku ya Ijumaa msikiti huu hujaa hadi nje. Husali bega kwa bega Wahui na Wauighuri wa China, Waarabu, Wapakistani, Wasomali na Waswahili, na baada ya swala njia ya kuingilia hugeuka soko dogo la mishikaki, mikate ya tanuri, nyama ya halali na matunda makavu. Asiyekuwa na mwenyeji Guangzhou humpata hapo.

Kaskazini zaidi kuna Sanyuanli, jina linalojulikana vizuri kwa wanunuzi wa mabegi, mikanda na viatu. Kwa Mchina jina hilo lina maana nyingine. Mwezi Mei 1841, wakati wa Vita vya Afyuni, wanavijiji wa Sanyuanli walikusanyika mbele ya hekalu lao wakala kiapo, kisha wakawavamia askari wa Kiingereza kwa majembe, mikuki na ngao. Mvua kubwa ilinyesha, baruti za Waingereza zikalowa, na kikosi kilichokuwa na silaha bora kikajikuta kimezingirwa na wakulima. Hekalu lile sasa ni makumbusho, limebanwa na maduka na barabara ya juu. Mwenye kukumbuka Vita vya Maji Maji ataelewa mara moja kwa nini watoto wa shule za China hufundishwa habari hii.

Milingoti ya jahazi iko katikati ya mji, kusini mwa kilima. Ule wa Kibudha ni Mnara wa Maua katika Hekalu la Migandi Sita, lililoanzishwa mwaka 537. Mnara uliopo ulijengwa upya mwaka 1097. Kwa nje unahesabika orofa tisa, ila ndani zimo 17. Jina la hekalu lilitokana na mshairi Su Dongpo, aliyelitembelea mwaka 1100 na, kwa kupendezwa na miti aliyoikuta, akaandika maneno mawili tu: Migandi Sita. Miti ile ilikufa zamani, maneno yamebaki.

Ule wa Kiislamu ndio unaostahili kutazamwa kwa muda mrefu. Msikiti wa Huaisheng uko katika barabara ya Guangta, katikati ya eneo ambalo zama za utawala wa koo za Tang na Song lilikuwa mtaa wa wageni. Jina la msikiti lina maana ya kumkumbuka Mtume. Mnara wake, Guangta, yaani mnara wa nuru, una kimo cha mita 36 hivi. Haufanani na mnara wowote wa China: ni mviringo, umepakwa chokaa, laini toka chini hadi juu, hauna mapaa ya kupanda ngazi kwa ngazi wala nakshi, na ndani yake zimo ngazi mbili zinazozunguka bila kukutana. Simulizi za wenyeji zinaurudisha msikiti hadi mwaka 627. Wanahistoria wengi wanaona tarehe hiyo ni ya mapema mno, ila hakuna anayebisha kwamba msikiti huu ni miongoni mwa mikongwe kabisa nchini China. Uliungua mwaka 1343, na bamba la mawe la mwaka 1350, lenye maandishi ya Kiarabu na Kichina, linaeleza jinsi ulivyojengwa upya. Ukumbi wa sasa wa swala ni wa mwaka 1935.

Mto ulikuwa karibu zaidi zamani hizo, na mnara ulikuwa taa ya meli pamoja na kuwa mahali pa adhana. Mwandishi Yue Ke, aliyeishi Guangzhou utotoni mwaka 1192, ameeleza kwamba kila mwaka, msimu wa meli ulipokaribia, wafanyabiashara wageni walipanda mnarani, wakatokeza dirishani na kupaza sauti kuomba upepo wa kusini. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa hapo. Upepo ule ni ndugu wa kusi, na maisha ya watu wale yaligawanywa na pepo mbili kama yalivyogawanywa maisha ya manahodha wa Mombasa: mmoja wa kuja, mwingine wa kurudi.

Yue Ke ameacha pia kisa cha jogoo wa dhahabu. Jogoo huyo alikaa kileleni akigeuka na upepo, na mguu wake mmoja ulikuwa haupo. Mwizi, anasema, alijificha ndani ya mnara siku tatu akila chakula alichokuja nacho, usiku akaukata mguu ule, kisha akaruka kutoka juu akiwa ameshika miavuli miwili. Upepo ukaitanua na akatua salama. Jogoo hayupo tena, lakini mnara ni ule ule, na mtu akisimama chini akatazama juu atakubali kwamba mwizi yule alikuwa na moyo.

Mtaa huu wa wageni ulikuwa na utaratibu wake. Taarifa ya Kiarabu ya mwaka 851 inasema kwamba katika mji wa Khanfu, kama Waarabu walivyoiita Guangzhou, Waislamu walikuwa na kadhi wao aliyekubaliwa na mfalme wa China. Karne tano baadaye Ibn Battuta, aliyekuwa amepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika habari za mji huo huo kwa jina la Sin Kalan, akasifu soko lake la vyombo vya udongo vinavyopelekwa nchi za mbali. Vyombo vya China vya tangu karne ya tisa vimefukuliwa Manda na Shanga katika visiwa vya Lamu, na mabakuli ya China yalijengewa katika nguzo za makaburi ya Mambrui na Kunduchi. Si vyote vilivyopitia Guangzhou, na vingi vilichomwa katika matanuri ya mbali kama Longquan na Jingdezhen. Lakini Guangzhou ilikuwa mmoja wa milango mikuu.

Kutoka msikitini kuelekea mtoni, treni ya chini ya ardhi humshusha mtu Haizhu, na hatua chache kutoka hapo ni barabara ya Yide, soko la jumla la vitu vya kuchezea watoto, mapambo ya sherehe na samaki wakavu. Katikati ya vurugu hiyo ya makuli na mikokoteni linasimama kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, lote la matale, lenye minara miwili iliyochongoka ya mita 58. Wenyeji huliita Shishi, Nyumba ya Mawe. Kiwanja chake kilikuwa makao ya gavana mkuu Ye Mingchen. Waingereza na Wafaransa walipouteka mji mwishoni mwa 1857, waliyabomoa makao hayo kwa mizinga, wakamchukua Ye mateka hadi India, alikofia mwaka 1859. Wafaransa wakakidai kiwanja. Ujenzi ulichukua miaka 25, toka 1863 hadi 1888. Kanisa la Mkunazini mjini Zanzibar, lililowekewa jiwe la msingi mwaka 1873, lilijengwa katika kipindi hicho hicho, nalo juu ya ardhi yenye uchungu wake.

Ramani ya Nyumba ya Mawe ilitoka Ufaransa, mikono ikawa ya Wachina, na pahala pazuri pa kuuona muungano huo ni kwenye mabomba ya kumwaga maji ya mvua. Makanisa ya Ulaya ya mtindo huu huweka huko juu mazimwi yaliyoachama. Hapa wachongaji wameweka simba wa Kichina, wale wale wenye nywele za kujiviringa wanaokaa kwenye malango ya mahekalu. Jumapili, Wakatoliki wa Afrika walio mjini hukutana hapa kwenye misa ya Kiingereza.

Magharibi kidogo ni Shisanhang, leo mtaa wa maduka ya nguo ya jumla unaofurika tangu alfajiri. Jina lake maana yake ni Nyumba Kumi na Tatu. Kuanzia 1757 hadi Vita vya Afyuni vilipokwisha mwaka 1842, serikali ya China iliwaruhusu Wazungu kufanya biashara Guangzhou peke yake, nao walifungiwa katika safu ya maghala hapa ukingoni mwa mto. Hawakuruhusiwa kuleta wanawake, kuingia mjini, wala kufundishwa Kichina, na msimu ukiisha iliwapasa kuondoka. Kila kitu kilipitia kwa wafanyabiashara wachache wa Kichina walioidhinishwa, na mmoja wao, Wu Bingjian, alihesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa dunia wa zama zake. Anayelalamika leo kwamba hawezi kununua bila wakala ajue kwamba desturi hiyo ina mizizi mirefu katika mtaa huu. Edmund Roberts, Mmarekani aliyefanya biashara Zanzibar kisha akatia saini mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, alipita Guangzhou mwaka mmoja kabla, katika safari hiyo hiyo.

Maghala yale yaliteketea kwa moto mwaka 1856 na hayakujengwa tena. Badala yake Waingereza na Wafaransa walijitengenezea kisiwa cha Shamian kutokana na fungu la mchanga, wakachimba mfereji kukitenga na mji. Madaraja yake yalifungwa usiku. Ni kisiwa kidogo cha miti mikubwa na nyumba za balozi na benki za kale, na leo maharusi huja kupigwa picha hapo. Kando ya mfereji, upande wa mji, tarehe 23 Juni 1925 askari wa Kiingereza na Kifaransa waliokuwa kisiwani waliufyatulia risasi mwandamano na kuua watu zaidi ya 50. Nguzo ya ukumbusho ipo, na inafaa kusimama hapo kabla ya kuvuka daraja.

Jumba la ukoo wa Chen, lenye kituo chake cha treni, lilikamilika mwaka 1894. Familia za Chen za wilaya 72 zilichangishana fedha ili vijana wao wanaokuja mjini kufanya mitihani ya serikali wapate pa kufikia. Kuna kumbi 19, na hakuna sehemu iliyoachwa bila nakshi: mbao, mawe, matofali, chuma. Cha kutazama zaidi ni mapaa. Juu ya mgongo wa ukumbi mkubwa, wenye urefu wa mita 27, wamepangwa watu wa udongo uliong'arishwa zaidi ya 200, na majumba na wanyama, wakiigiza visa vya michezo ya jukwaani. Udongo huo ulitoka Shiwan, ambako makala hii itafikia.

Mashariki, mto unapopanuka, ndiko kuliko Guangzhou mpya. Mnara wa Canton (ndivyo Wazungu walivyouita mji huu zamani), wenye mita 600, ulifunguliwa mwaka 2010. Umejisokota katikati, na watu wa mji huuita kiuno chembamba. Huonekana wenyewe, hauhitaji kuelezwa. Pazhou ni jirani, na ndipo yanapofanyika Maonyesho ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957 na ambayo hufanyika majira ya machipuko na ya vuli. Maelfu ya wanunuzi huingia katika kumbi zile bila kugeuza shingo kuutazama mnara wa orofa tisa uliokamilika mwaka 1600, ambao mabaharia waliutumia kujua kwamba wamekaribia bandari.

Mbele zaidi, katika wilaya ya Huangpu, kuna mahali ambapo wageni wachache hufika, nako ndiko kuzuri kuliko kote. Hekalu la Mungu wa Bahari ya Kusini liliwekwa mwaka 594 ili mabaharia waabudu kabla ya kutweka na washukuru wakirudi. Leo mto umejisogeza mbali na gati la kale limebaki nchi kavu. Wenyeji hawaliiti kwa jina lake rasmi. Huliita Hekalu la Boluo, na boluo ni jina la zamani la fenesi. Karibu na lango iko sanamu ya mtu mwenye uso mweusi, amevaa mavazi ya Kichina, ameinua mkono mmoja juu ya macho kujikinga jua, akitazama mbali. Husimuliwa kwamba alikuwa mjumbe kutoka nchi za Bahari ya Hindi. Alishuka kupanda mbegu za fenesi alizokuja nazo, akapendezwa na mahali, na alipogeuka merikebu yake ilikuwa imekwisha ng'oa nanga. Akabaki ufukweni kila siku akiitazama bahari hadi akafa, na watu wa Guangzhou wakamtengenezea sanamu katika mkao ule ule, wakampa cheo na kumweka pamoja na miungu yao. Wamemtunza karne nyingi. Treni ya njia namba 13 ina kituo chenye jina la hekalu hilo.

Kusini-magharibi mwa Guangzhou uko mji wa viwanda wa Foshan. Reli ya chini ya ardhi iliiunganisha miji hii miwili mwaka 2010, na kwa mtu aliye ndani ya behewa hakuna mpaka unaoonekana. Waswahili wanaijua Foshan kwa vigae vya sakafuni, masinki, makochi na vitanda. Maduka ya samani ya Lecong yamejipanga kilomita baada ya kilomita. Foshan ilikuwa mji wa mafundi tangu zamani, wa kuyeyusha chuma, kufuma hariri na kufinyanga. Hekalu lake la Zumiao, lililoanzishwa karne ya 11, lina jukwaa la michezo la mwaka 1658, na katika uwanja wake kuna kumbi za Huang Feihong na Ip Man, mabingwa wa kungfu. Ip Man ndiye aliyemfundisha Bruce Lee, na hilo litamgusa kila aliyekulia kwenye mabanda ya video.

Shiwan ni mtaa wa Foshan, na huko kuna tanuri la Nanfeng, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 16. Limelala juu ya mteremko kama joka, mita 34 hivi kwa urefu, na linaendelea kutumika hadi leo. Vyombo hupangwa ndani, mlango huzibwa, moto huwashwa chini na hupanda wenyewe. Fundi hutembea juu ya mgongo wa tanuri akidondosha kuni katika matundu madogo yaliyojipanga safu kwa safu, akisoma rangi ya moto kwa jicho. Viwanda vikubwa vya vigae vilivyoizunguka Shiwan vilizaliwa na ujuzi huu. Tanuri haliwashwi kila siku, hivyo anayetaka kuuona moto aulize kwanza. Ashuke kituo cha Zumiao na kuchukua teksi, safari fupi tu. Vyungu na vibakuli huuzwa papo hapo, na kibakuli kimoja huingia kwenye begi la mkononi bila taabu. Kifungwe vizuri ndani ya nguo.